Mashine ya Mama Haitulii

4 Februari

Mwanangu Fyuzi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigombeza nikiinama chini ya meza. Mama yako naye yupo, anakula, mguu wa kushoto bado anauburuta, lakini mkono wa kulia ni ule ule wa zamani, unapiga kibodi kama unasahihisha madaftari ya darasa zima. Wewe je? Bado uko kwenye kile chumba chenu cha mashine chenye baridi, au umeshahama tena? Wewe mtoto hukai mahali kiti kikapata joto.

Sasa sikia. Hii kompyuta uliyomletea mama yako inaumwa.

Usicheke. Nimesuka stabilaiza miaka thelathini na nane, na kazi yangu yote ilikuwa hiyo hiyo moja: umeme uingie unarukaruka, utoke umetulia. Kikiandikwa mia mbili thelathini, kitoe mia mbili thelathini, basi. Sasa kile kijidirisha cha vipimo ulichonionyesha ulipokuja nimekiacha wazi pembeni ya kioo. Mama yako akinyamaza, prosesa, huo ubongo wa mashine, iko kwenye volti sufuri nukta tisa. Akiandika sentensi akabonyeza ili mashine imsemee, inaruka mpaka moja nukta nne tano! Halafu chini. Halafu juu tena. Na kasi vilevile. Boksi limeandikwa gigahezi tatu nukta sita, mimi nimeona nne nukta nne kwa macho yangu haya. Kifaa gani hicho kinachozidi maandishi ya boksi lake mwenyewe?

Juzi mshonaji wa jirani alikuja, mama yako akamsimulia habari ndefu ya mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa akila chaki. Mshonaji anacheka mpaka machozi, na mimi niko pembeni nahesabu. Imeruka mara arobaini na moja. Sikusikia hadithi yenyewe. Roho ilikuwa juu juu, maana hiyo ikiungua, mama yako atasema na nini? Ulimi ulishagoma tangu kile kiharusi, na hiyo mashine ndiyo mdomo wake. Tena sauti yenyewe ni ya kwake, uliyoitoa kwenye zile kanda zake za imla za darasani. Hata akiomba maji unasikia kama anakuamuru uandike.

Nimemwomba apunguze maneno kidogo mpaka nikusikie wewe. Alinitupia lile jicho la darasani.

Nijibu upesi, sina raha.

Baba yako


9 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeshukuru kusikia ni magoti peke yake yanayogomba. Mimi sijambo, ila nakuandikia nimesimama, wametuhamishia jengo jingine na viti havijafika. Wanasema kesho. Hilo neno kesho nimelisikia wiki nzima. Mama hajambo? Msalimie sana, mwambie nitampigia Jumapili.

Baba, mashine haiumwi. Kuruka huko ndiko uzima wake. Ona: mtu akigonga mlango wako, unainuka haraka, unafungua, unarudi kukaa. Hukai umesimama mlangoni kutwa nzima. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Mama akinyamaza, inasinzia. Akibonyeza, inajiangalia yenyewe: joto liko chini? Umeme unatosha? Kazi ni ndogo? Basi inakurupuka, inamaliza, inasinzia tena. Hiyo moja nukta nne tano inakutisha kwa kuwa unaitazama peke yake. Hapo mzigo ni mdogo na muda ni kufumba na kufumbua. Kinachochoma ni volti kubwa, pamoja na mzigo mkubwa, pamoja na joto, kwa muda mrefu, na hilo mashine yenyewe hailikubali. Ipe kazi nzito uone, volti itashuka.

Na ile namba ya boksi ni mwendo inaoweza kuushika kutwa nzima hata ikilemewa. Kinachozidi hapo ni cha ziada, inajipa yenyewe ikiona kuna nafasi. Hakuna aliyeibiwa.

Nakuomba, usiiguse. Na mwache mama aseme mpaka achoke.

Mwanao


22 Februari

Fyuzi,

Ni matumaini yangu viti vimefika na umekaa. Huku hatujambo, mvua imeanza, na umeme nao umeanza vituko vyake.

Nimefanya ulivyosema. Nimeipa kazi nzito na kweli volti ikashuka mpaka moja nukta mbili. Ukadhani nitatulia? Ndiyo kwanza nikachanganyikiwa! Yaani ikifanya kazi ngumu inapewa kidogo, ikifanya kazi ya kipuuzi inapewa kingi? Mimi fundi wangu wa karakana angenisukia kitu cha namna hiyo ningemwambia avue koti aende nyumbani.

Siku nne sikukaa nikala chakula kikaisha. Nakula nimegeuza shingo. Mama yako akiinua mkono kugusa kibodi tu, mimi macho kwenye namba.

Basi nimeituliza. Usipige kelele, umri wangu unaujua. Niliizima, nikaiwasha, nikaingia kule kwenye mipangilio ya ndani kwa kufuata lile daftari lako uliloacha. Ilinichukua siku tatu na miwani yote miwili. Ile ya kujiongezea yenyewe nimeifunga. Volti nimeipiga moja kamili. Kasi nimeishusha moja nukta nane ili isiyumbe. Asubuhi moja, mchana moja, jioni moja. Feni hata haisikiki. Nilivyoiona ile namba imesimama, nilivuta kiti nikaitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

Mama yako anachelewa kidogo kusikika, lakini hana haraka ya kwenda popote.

Baba yako


3 Machi

Baba,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Hapa ni vurugu tupu, tunahamisha makabati ya mashine kutoka jengo moja hadi jingine bila kuyazima yote, ninatembea na redio ya kiunoni inayoita jina langu kila dakika. Kula nakula nikitembea. Mama hajambo? Jumapili ile sikuweza kupiga, mwambie asinune.

Kwa hiyo umeifunga pingu. Wewe ni kichwa kigumu, na mimi ndiye niliyerithi, basi nimalizie hapo. Haitaungua, hilo nakuhakikishia. Umeifanya kobe tu. Mama atasubiri sekunde mbili tatu zaidi kila akisema. Mimi nikitulia kidogo nitaingia kutoka huku niliko, niirudishe kama ilivyokuwa, na wewe utakaa mbali na meza. Mwalimu ana subira, alitufundisha sisi wote.

Naitwa. Nitaandika vizuri wiki ijayo.

Mwanao


16 Machi

Mwanangu,

Wiki ijayo ilishapita, na nyingine. Natumaini ni kazi tu, siyo ugonjwa. Mimi sijambo, ila kusema kweli sijambo ya mdomoni. Kuna jambo nyumbani humu silielewi.

Mama yako ameninunia.

Mwanamke aliyefundisha miaka ile yote, aliyekuwa akinipa hotuba kuanzia sabuni mpaka siasa, sasa ananipa neno moja moja. "Maji." "Ndiyo." "Hapana." "Funga." Mshonaji akija, "Karibu," basi imekwisha. Anaandika, namwona anaandika, mkono unakwenda, anabonyeza, anakitazama kipaza sauti. Kimya. Anakitazama tena. Halafu anaisukuma kibodi katikati ya meza, anageukia dirishani. Nikadhani ananipima, anabonyeza bila kuandika kitu. Nikaangalia waya wa spika, mzima. Nikaangalia volti, moja kamili, haijatikisika; kasi nayo, niliyoishusha tena tarehe tano mpaka moja nukta mbili, imesimama.

Neno analorudia ni "Mkono." Wiki nzima hii, "Mkono." Nikaona anataka kukandwa, basi kila jioni namkanda kwa mafuta ya moto, huo wa kulia na wa kushoto. Ananivuta shati, anatikisa kichwa, anasema tena, "Mkono." Nami nakanda kwa nguvu zaidi. Jana alilia. Sijamwona akilia tangu tumzike mama yake.

Nazunguka nyumba nzima. Natoka karakana naingia ndani, nakaa, nainuka. Kila kitu nimekipima, kiko sawa, na mke wangu hasemi na mimi. Ingia humo kwenye mashine kama ulivyoahidi, uniambie nimekosea wapi.

Baba yako


17 Machi

Baba, hii siyo barua.

Nimekupigia mara tisa, simu yako imezimwa. Nimempata mshonaji, anakuja sasa hivi na gari, atakuonyesha maneno haya kwenye simu yake. Mvalishe mama viatu. Mpelekeni hospitali. Sasa, siyo baada ya chai.

Hajakununia. Nilipotengeneza ile programu niliweka sheria: sauti isipokuwa tayari ndani ya sekunde nane, sentensi itupwe, ili zisirundikane zikaja kutoka zote kwa pamoja. Kwa kasi ya zamani hakuna sentensi iliyofika hata sekunde nne. Kwa kasi uliyoifunga, neno moja linapita, sentensi nzima inatupwa. Nililisahau hilo. Nililitengeneza mimi na nikalisahau.

Zilizotupwa zimehifadhiwa humo ndani. Mwonyeshe daktari hizi:

6 Machi: Mkono wa kulia umekufa ganzi asubuhi hii, kama robo saa, sasa umerudi.

8 Machi: Umekufa ganzi tena na kijiko kimeanguka, wewe ulikuwa karakana.

11 Machi: Ni mkono ule mzima ninaosema, siyo ule mbovu.

12 Machi: Nadhani ni kile kiharusi kinarudi, naomba nipelekwe kwa daktari.

14 Machi: Baba Fyuzi acha kunipaka mafuta unisikilize.

15 Machi: Leo mara mbili.

Zipo nyingine. Zote ni kumi na tisa. Nimesimama katikati ya watu nalia kama mtoto. Nenda, Baba.

Mwanao


26 Machi

Mwanangu,

Yupo hai na mkono upo. Ninatanguliza hilo kabla ya salamu.

Ulipopiga siku ile kwenye simu ya mshonaji ulipata nusu ya habari tu, kwa hiyo nakuandikia yote. Wamempima shingo kwa ile mashine ya picha, mshipa mmoja umekuwa mwembamba, vipande vidogo vya damu iliyoganda vinapita na kuziba kidogo halafu vinaachia. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, alisema hiyo ilikuwa hodi. Angekaa wiki nyingine, kilichokuwa kinabisha hodi kingeingia. Wamempa dawa za kulainisha damu na za presha, wamemweka siku saba, sasa yuko nyumbani.

Yule daktari aliniuliza, "Mzee, hali hii imeanza lini?" Mimi, ninayelala naye chumba kimoja, nikajibu, "Leo." Mshonaji akampa simu yake. Daktari akasoma zile sentensi ulizotuma, moja moja, halafu akaniangalia. Mwanangu, nimepigwa na umeme mara nyingi maishani, sijawahi kuwa vile.

Kumi na tisa zote nimezisoma. Zote aliziandika nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwepo! Nilikuwa nimekaa pale pale, uso umeelekea kioo kile kile, nasoma namba. Nilimkanda mkono unaokufa huku nikijisifu kwa volti moja kamili. Niliogopa mashine isije ikamnyamazisha, nikamnyamazisha mimi.

Ile sekunde nane usiibebe wewe. Aliyeufunga mlango ni mimi.

Siku tuliyorudi nilitaka kuirudisha mipangilio mwenyewe, nikasogeza kiti mbali na meza, nikakuachia wewe ukafanya kutoka huko. Sasa inaruka inavyotaka. Kile kijidirisha nimekifuta kabisa. Sijui ipo kwenye ngapi sasa hivi, na kukwambia kweli, vidole vinaniwasha kukirudisha. Nikiona hivyo natoka nje nazunguka ua.

Nimempa mama yako barua zetu zote, zako kwenye simu na karatasi zangu ninazokupigia picha, na hii nayo nitampa. Niliona nisipompa nitakuwa nimemficha kitu kingine tena. Amezichukua, ameomba kalamu. Siku ya tatu leo anazisoma. Mashine ni nzima, mkono mzima, na hajasema neno. Naogopa kumuuliza.

Baba yako


2 Aprili

Mwanangu,

Mimi sijambo. Nimeanza kwa kujijibu kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Nimesoma barua saba. Makosa ya herufi ni machache, hongera kwa wote wawili, baba yako bado hajui pa kuweka mkato. Nimepiga mstari kila mahali nilipotajwa. Mistari ni mingi. Nakula, naburuta mguu, nimenuna, nasubiri, nina subira, sina haraka ya kwenda popote. Watu wenye friji bovu huandikiana hivi. Mara mbili umeuliza kama mama hajambo, na mara zote mbili umemuuliza mtu aliyekuwa amenigeuzia mgongo.

Usianze kulia huko mbele ya watu. Sina hasira ile unayoidhani. Baba yako anaogopa, na akiogopa hupima. Tulipokupata wewe alikupima homa kutwa mara sita mpaka nikaficha kipimajoto. Wewe ukiogopa unahama. Nawajua, nimewalea.

Lakini nataka ujue ilikuwaje, maana mmeandika kila kitu isipokuwa hicho. Sentensi ya kwanza ilipotupwa nilidhani nimebonyeza vibaya. Ya pili nikadhani spika. Ya tano nikadhani sauti imetoka na ni mimi nisiyesikia, na baba yako kasikia, na kaamua kutojibu. Hilo nililiamini siku tatu. Nilikaa mezani na yule mwanamume niliyeishi naye umri wote huu, nikiamini nimemwambia kwamba ninaumwa na yeye amechagua kutazama namba. Ndiyo maana sikusema "Daktari" peke yake; nilidhani nimeshaomba, na "Mkono" ilikuwa kumkumbusha. Mkono haukuniuma hata siku moja, ganzi haiumi. Kilichoniuma ni hicho.

Nilijaribu karatasi. Mkono wenyewe ndio unaoandika, na ukifa hauandiki, na ukirudi unaandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Baba yako aliikuta ile karatasi, akaitumia kupangusia mafuta.

Sasa ananitazama usoni nikisema. Ananitazama sana, anakodoa, mpaka nasahau nilichotaka kusema. Jana nilimsomea imla nzima ya kuku aliyeingia darasani, neno kwa neno, nione atavumilia mpaka wapi. Alivumilia yote. Mwisho akauliza kuku alikuwa wa nani. Nikamwambia kwanza akae chini, anazunguka mno.

Sentensi kumi na tisa ulizozihesabu, hukuzisoma zote, au ulizisoma zote ukaona haya kuzitaja. Kumi na sita ni za mkono. Tatu ni zako wewe. Niliziandika mapema Jumapili moja baada ya nyingine, niziweke tayari, ili ukipiga simu usisubiri mama yako akitafuta herufi. Mashine ilizitupa nilipozijaribu. Hata isingezitupa, simu haikuita.

Daktari anasema dawa zinafanya kazi. Nilipomuuliza zitafanya mpaka lini, alinipa jibu refu. Mkono ninao leo. Umeandika barua hii yote bila kupumzika, isipokuwa mara moja, kwenye ile habari ya karatasi, ulipokufa dakika nne, nikausubiri, ukarudi. Baba yako ameona, anatafuta viatu vyangu. Nimemwambia asubiri nimalize.

Ukijibu, usimjibu yeye. Andika jina langu juu. Andika leo.

Mama yako